Je, naweza kupanda kahawa ya Rodrigues kihambani?

Swali: Shikamoo mama. Mimi msomaji wako wa Kibosho. Shemeji yangu ni baharia, juzi kanirushia wasapu picha ya kimti kina maua meupe kama nyota, anadai ni kahawa ya porini ya kisiwa cha Rodrigues na eti duniani kote ulibakia mmoja tu. Kweli au kamba? Na kama ni kweli nitapataje mche, maana kihambani kwenye migomba bado kuna nafasi.

Jibu: Marahaba mwanangu. Safari hii shemeji hajakupiga kamba. Wenyewe wanauita café marron, kitaalamu Ramosmania rodriguesi, na asili yake ni Rodrigues tu, kisiwa kidogo cha Mauritius huko Bahari ya Hindi. Watu walishahesabu umekwisha, mpaka kama mwaka 1980 mwanafunzi mmoja alipompelekea mwalimu wake tawi, kuchekiwa kumbe ndo wenyewe. Sasa sikia vituko, wenyeji wanaamini ni dawa ya hangova na ya magonjwa ya zinaa, basi habari zilivyosambaa watu wakaanza kuukata matawi ikabidi uzungushiwe uzio. Si unajua hata huku kwetu, mti ukishatangazwa dawa kesho yake magome huyaoni.

Mwaka 1986 vijiti vyake vilipelekwa kwa ndege bustani ya Kew, London, vikashika, vikatoa maua vizuri tu, ila mbegu ng'o, miaka na miaka! Kahawa yako ya arabika inajichavusha yenyewe hata ukilala, huu unagoma. Ni 2003 ndo mtaalamu wa hapohapo Kew, Carlos Magdalena, alihangaika nao sana, mara aongeze joto, mara akate ncha ya sehemu ya kike ya ua apake chavua palepale, mwisho tunda likapatikana na baadaye mbegu zikarudishwa Rodrigues.

Kinachonifurahisha mimi ni majani. Ukiwa mchanga yanakuwa marefu membamba, ya kahawia yenye madoadoa, utadhani umekauka uung'oe, halafu ukikua yanageuka ya mviringo, kijani kinachong'aa. Picha za umri tofauti ungebisha kwamba ni mti mmoja.

Ila kikombe hupati. Ni wa ukoo wa kahawa lakini siyo kahawa yenyewe, na vitaluni Moshi usipoteze nauli kuutafuta. Na shemeji asijifanye kukuletea kijiti kwenye begi, mmea hai kutoka nje unataka kibali cha TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ofisi zao ziko hapo Arusha, na usicheze nao maana gonjwa moja geni likiingia vihambani tumekwisha wote.

Hiyo nafasi nenda TaCRI Lyamungu, kituo cha utafiti wa kahawa, ukaulizie miche ya kahawa inayostahimili chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Kama unachotaka ni maua meupe, gadenia nayo ni ya ukoo huohuo, inanukia usiku mpaka jirani anauliza, chomeka karibu na dirisha na usiifurikishe maji.