Uji mwepesi ulivyokuwa unamkondesha mtoto wangu

Nilipomchukua mtoto wa marehemu dada yangu nikaja naye Uyole, hapa Mbeya, alikuwa na miaka miwili na nusu, kilo 9 na gramu 400. Dawa za VVU alikuwa ameshaanzishiwa, nami nilimnywesha kila jioni bila kuruka. Uji alikunywa kutwa. Miezi miwili ikapita, mzani haukusogea. Nesi wa CTC, yaani kliniki ya VVU, akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia lishe, ukasoma sentimita 12.1, kwenye njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, hapo ni hatari. Kijani inaanzia 12.5. Akaniuliza, "Dada, uji wako ukiinamisha kijiko unadondoka au unamwagika?"

Nikajibu unamwagika, tena kwa kujisifu, maana nilidhani mtoto anayeumwaumwa anataka kitu chepesi. Na ukweli mwingine, ukiongeza maji chupa ya chai inajaa hadi jioni.

Kumbe nilikuwa nambebesha maji. Tumbo lenyewe dogo, likijaa maji mtoto anakataa chakula na wewe unasema ameshiba. Halafu hawa watoto wetu mwili unachoma zaidi: mwenye VVU, hata akiwa haumwi chochote, anahitaji nguvu ya chakula karibu asilimia 10 zaidi kuliko mwenzake, na akishapungua uzito hitaji hilo linapanda kwa asilimia 50 hadi 100. Sasa hiyo utaipitishia wapi kwenye kikombe cha maji?

Nesi akanifundisha kimea. Ndiyo, kimea kilekile, ulezi uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa, cha kupikia komoni, pombe yetu ya kienyeji. Pika uji mzito kabisa, mwiko usimame. Epua, uache upoe kidogo lakini uwe bado wa moto. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Mara ya kwanza nilishtuka: uji ulilegea wenyewe mbele ya macho yangu, kama mtu kaongeza maji, na sijaongeza hata tone. Rudisha jikoni uchemke tena, basi. Unga ni uleule mwingi, ila sasa mtoto anaumeza. Mwishoni naweka kijiko cha mafuta ya alizeti au naponda parachichi. Kwetu huku parachichi zilizokataliwa na wanunuzi wa kusafirisha nje zinauzwa bei ya bure, tunazipita tukienda kununua biskuti.

Unga wa lishe nao ulinidanganya. Nilinunua wa dukani wenye vitu kumi na kimoja: mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, sijui nini. Nikaona ndio wenye nguvu. Soya mbichi ikisagwa humohumo inamsumbua mtoto tumbo, na karanga zikikaa kwenye unga zinachacha na kuota ukungu, huo ndio mlango wa sumukuvu. Siku hizi nasaga dona na ulezi peke yake. Karanga nachambua, nakaanga, natwanga za siku mbili tatu, naweka kwenye uji wakati wa kula. Usipa, wale dagaa wa Kyela, nautwanga kuwa unga, naunyunyizia kwenye maharage au majani ya maboga. Anakula mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Akiwa na utando mweupe mdomoni nampa vitu laini vilivyopoa, ndimu naweka mbali.

Msidhani ni umaskini wa chakula tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, na Iringa ndiyo inalisha mikoa mingine!

Kuna kosa jingine nalisema kwa aibu. Mtoto alipewa chakula dawa, zile pakiti za karanga, na mimi nikamkatia na mwanangu mkubwa kwa sababu alikuwa analia. Ile imehesabiwa kwa uzito wa mgonjwa kama vidonge. Mkubwa mpikie kitu kingine, alie kidogo.

Na kliniki msiruke kwa kuwa mtoto amenawiri. Dozi inafuata kilo. Alipovuka kilo 10, vidonge vyake vya dolutegravir, vile vya kuyeyusha, vilitoka kimoja na nusu vikawa viwili. Ningekaa nyumbani nikifurahia mashavu, angeendelea kunywa dozi pungufu. Vyenyewe nayeyusha kwenye vijiko viwili vya maji safi, anywe ndani ya nusu saa, kisha nasuuza kikombe na maji kidogo anywe na hayo, maana dawa inabaki chini. Ukipewa na vidonge vya kuongeza damu, uliza kwanza saa za kuvinywesha, vinaweza kuizuia dolutegravir isifanye kazi vizuri.

Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, kila miezi sita. Maji chemsha.

Kimea nanunua kwa mama mmoja Mwanjelwa, kila wiki mbili. Anashangaa, naishi na watoto, mume sina, kimea chote hicho cha nini. Juzi kaninong'oneza, "Mama, komoni yako unaiuzia wapi, mbona hutukaribishi?" Nikacheka tu, nikalipa. Bora aamini napika pombe kwa siri kuliko aanze kuuliza nani nyumbani anaumwa.