Jibu: Bomba la darubini ya eksirei linalopinda kwa joto

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, bomba lako la alumini, urefu mita 10 na kipenyo mita 2, linahamisha kigunduzi kutoka kwenye fokasi (mahali miale inapokutana), na kuongeza unene hakujasaidia. Hakutasaidia. Unene unaongeza ukakamavu, lakini alumini nene hutanuka sawasawa na nyembamba.

Angalia kwanza tofauti ya joto kati ya upande wa jua na wa kivuli, hujaiandika. Mimi hupiga hesabu hii kwa mkono kabla ya kugusa programu: zidisha mgawo wa mtanuko (kiasi alumini inavyotanuka kwa kila nyuzijoto) kwa tofauti ya joto na kwa mraba wa urefu, kisha gawa kwa mara mbili ya kipenyo. Nyuzijoto 10 tu zinakupa mpindo wa karibu milimita 6. Ni mkubwa mno! Ndiyo maana bomba la Chandra, darubini ya eksirei ya NASA iliyorushwa 1999, lilijengwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo karibu hazitanuki. Ila gundi inayoshikanisha nyuzi hizo hunyonya unyevu, na ikikauka angani bomba husinyaa kidogo, kwa hiyo acha nafasi ya kurekebisha fokasi.

NuSTAR, darubini nyingine ya eksirei ya NASA, ilipita njia nyingine: mlingoti wake ulikunjuliwa angani hadi mita 10, leza hupima unavyoyumba, na data husahihishwa baadaye. Kwako ningebadilisha alumini kwanza.