Mwandikie Bibi Yako Wasifu Angali Hai

Msomaji mmoja wa Malindi ameniletea ujumbe. Bibi yake ni sekretari mstaafu, umri umekwenda, naye anataka kuyaandika maisha yake lakini hajui pa kuanzia. Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wenu mna nia hiyo hiyo, na kwa sababu jambo lenyewe bado linaniuma.

Bibi yangu alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, nyumbani kwetu Langoni, Lamu, na tukamzika mchana wake baada ya sala ya Ijumaa. Hata hajaoshwa, tanzia ilikuwa imeshazunguka kwenye simu: mama wa fulani, bibi wa fulani, mjane wa marehemu fulani, mama wa nyumbani. Mama wa nyumbani! Mtu aliyekuwa sekretari wa serikali tangu mamangu hajazaliwa, mpaka akastaafu na miaka 55 kama kanuni ilivyokuwa wakati ule. Aliyeandika ni wa ukoo wetu, simtaji, wala sidhani alikusudia ubaya. Lakini mtu haandiki tanzia kwa kukisia, na mimi nilikuwa chumba cha pili tu. Angeuliza.

Watu hudhani kupiga taipu ni kazi nyepesi. Bibi alikwenda Mombasa kusomea hati mkato ya Pitman, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunasa maneno ya mtu anavyosema, akikaa kwa shangazi yake. Katika hati ile P na B zina umbo moja. Moja huandikwa kwa mstari mwembamba, nyingine kwa mstari mzito, na tofauti yote iko kwenye mkazo wa penseli. Siku moja barazani alinipa gazeti nisome kwa sauti, yeye akawa anaandika nyuma ya risiti ya duka. Nikaharakisha makusudi. Hakuniambia ngoja. Nilipomaliza akanirudishia habari nzima, neno kwa neno, kutoka kwenye vile vijistari ambavyo mimi niliviona kama nyayo za kuku.

Ofisini kwao barua moja ilipigwa pamoja na karatasi za kaboni na nakala nne. Ukikosea herufi moja, unafuta mara tano, na kila nakala lazima ifutwe peke yake isije ikachafuka. Barua ya kwenda kwa PC, mkuu wa mkoa wa wakati ule, Mombasa ilipaswa kuiwahi mashua ya Mokowe, kwa hiyo nafasi ya kurudia haikuwepo. Mimi leo nina kompyuta na cheo, na unadhifu wake sijaufikia.

Sasa, ndugu yangu wa Malindi: usianze na maswali, anza na karatasi. Ukimuuliza bibi alifanya kazi gani atakujibu, "Kazi gani, mwanangu? Nilikuwa naandika barua tu." Watu wa rika lile hawajisifu. Mwombe barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo na ya kustaafu. Zina tarehe, zina majina ya ofisi, na akizishika mkononi mwenyewe ataanza kusimulia. Bibi alikuwa nazo zote katika faili la kamba, ya karibuni juu, kila ukurasa una namba kwa kalamu nyekundu. Kisha ukishaandika, msomee. Wangu alinisahihisha tarehe mbili na akafuta neno "hodari".

Fanyeni hivyo, vijana wa pwani. Mnajua wachezaji wa Ulaya wanalipwa nini kwa wiki, na hamjui mshahara wa kwanza wa bibi aliyewalipia karo. Mnataka kufika mbali ofisini, na mwalimu mmemweka jikoni, mnamuuliza habari za wali wa nazi tu. Muulizeni kazi! Muulizeni alivyomkabili bosi mkali, alivyotunza siri za ofisi, alivyotoka nyumbani na buibui lake asubuhi huku majirani wakisema.

Siku ya hitima niliusoma ukurasa ule wa wasifu niliomwandikia bibi angali hai. Mzee mmoja aliyekuwa tarishi katika ofisi yao akasema pale pale kwamba yeye kusoma alifundishwa na bibi, saa ya chai, kwa barua zilizoharibika. Sisi nyumbani hatukuwahi kulisikia hilo.

Zile barua zipigeni picha mapema, maana hewa ya bahari na mchwa havingoji. Nakala ya wasifu mpeni kwanza yule ambaye kwenu ndiye huandika tanzia.

Na la pesa, kwa kuwa wengi huniuliza: pensheni ya mstaafu husimama anapofariki, na kinachoingia benki baada ya hapo hudaiwa. Chukueni hati ya kifo, iarifuni Idara ya Pensheni Nairobi bila kuchelewa. Sisi hatukupekua sanduku wala kubishana. Namba yake ya pensheni ilikuwa ukurasa wa juu kabisa wa lile faili, ameipiga taipu mwenyewe.