Maswali na majibu: Bakteria wa asidi hawali shaba

Nina bwawa la marudio (masalia ya mgodi) lenye shaba na aseniki. Nikimwaga bakteria wanaopenda asidi, si watakula hizo metali maji yasafike?

Hawali. Swali hili halichoki kurudi. Bakteria mashuhuri wa aina hii, Acidithiobacillus ferrooxidans, anaishi kwa chuma na salfa vya pairaiti, na kazi yake hiyo huzalisha asidi na kufungua metali zilizofungwa ndani ya jiwe. Kasese, Uganda, walitumia bakteria wa aina hii kwa makusudi, ndani ya matangi, kuanzia 1999, kupata kobalti kwenye masalia ya mgodi wa Kilembe. Masalia hayohayo yalipoachwa wazi mvuani yaliteremsha asidi na metali hadi Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Kama bwawa lako lina pairaiti na ni chachu, bakteria wamo tayari. Tia chokaa, na mvua isipite kwenye rundo.

Basi shaba wanaihifadhi wapi?

Kwa sehemu kubwa wanaitema. Nje ya seli pH ni 2, ndani ni karibu 6.5, na upande wa ndani wa utando wa seli una chaji chanya. Shaba, nayo chanya, inazuiwa mlangoni. Inayopenya hukutana na pampu za kuitoa, na pia chembe za polifosfeti, minyororo ya fosfeti ambayo seli imejiwekea akiba. Kimeng'enya hukata minyororo hiyo, fosfeti ikaikamata shaba, zikatoka pamoja. Ghala ni la fosfeti. Ndiyo maana seli zilizokuzwa kwa njaa ya fosfeti hushindwa na shaba mapema.

Na zebaki?

Bakteria wenye kimeng'enya cha zebaki huigeuza mvuke. Haijapotea, unaivuta wewe.

Nawakuza bakteria hao chupani. Chini pana unga wa njano, na aseniki majini imepungua. Wameifyonza?

Umepima jarosaiti, madini ya njano ya chuma na salfeti. Chuma kikishaoksidishwa na pH ikapanda, huganda na kubeba aseniki. Chupa isiyo na bakteria haitoshi kulinganisha, kwa kuwa humo chuma hakioksidishwi. Weka nyingine yenye feri salfeti (chuma kilichokwisha kuoksidishwa) ya kiasi kilekile, bila bakteria, pH ileile. Wengi hurukia "ufyonzaji" kabla ya hapo.

Unga huo pia huiba potasiamu na fosfeti, yaani fosfeti ya ile akiba niliyotaja juu. Ili upungue, kwa gramu 44.2 za ferosi salfeti yenye molekuli saba za maji (chuma ambacho bado hakijaoksidishwa) kwa lita, anza pH 1.6 hadi 1.8 kwa asidi ya salfa. Asidi ya kloridi usiiguse: kloridi hupenya na kuvunja ile chaji ya utando. Mmumunyo wa chuma uchuje kwa kichujio cha mikromita 0.22; ukiupika kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu), chuma kitaota kutu kabla bakteria hawajakionja.