Maswali ya Wasomaji: Nani Alipangua Mitupo Kuliko Wote?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu Dikembe Mutombo alipofariki mwezi Septemba 2024, mimi na shemeji yangu hatujaacha kubishana. Mimi nashikilia kwamba katika ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, hajapata kutokea mpangua mitupo, yaani mlinzi anayezuia mpira uliorushwa kikapuni, kama yeye. Shemeji ananijibu kwamba nachanganya majonzi na hesabu, kwa kuwa Mark Eaton alikuwa na wastani mkubwa zaidi. Tuamulie. (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu za shemeji yako ni sahihi. Eaton, senta wa Utah Jazz aliyekuwa na urefu wa mita 2.24 na ambaye kabla ya kikapu alikuwa fundi wa magari, alipangua mitupo 456 katika msimu wa 1984–85, yaani wastani wa 5.56 kwa mechi, na hadi leo hakuna aliyeufikia. Hata wastani wake wa maisha yote uwanjani, 3.50, ndio wa juu kuliko wote. Hata hivyo, Eaton alikuwa mzito wa miguu. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na ringi na kumsubiri atakayethubutu kuingia, na ilimfaa kwamba enzi zile mitupo ya pointi tatu ilikuwa michache. Angecheza leo, wapinzani wangemvuta mpaka nje ya mstari wa pointi tatu na kumwacha huko.

Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, ni wa pili katika orodha ya jumla akiwa na mitupo 3,289, na alitunukiwa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mwaka 1994 timu yake ya Denver Nuggets, iliyoingia mtoano ikiwa ya nane upande wa Magharibi, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, naye katika mechi tano za raundi hiyo akapangua mitupo 31. Kidole chake cha kukataza, alichokitikisa kila alipopangua mtupo, kila mtu anakijua. (Baadaye kumnyoshea mpinzani kidole kile kulihesabiwa kosa, naye akawa anawanyoshea mashabiki.) Kwa maoni yangu anamzidi Eaton, kwa hiyo kwa shemeji umeshinda.

Lakini dai lako kwamba hajatokea kama yeye silikubali, kwa sababu yuko Hakeem Olajuwon. Huyu anaongoza orodha kwa mitupo 3,830, na ujana wake huko Lagos aliutumia langoni, katika kandanda na mpira wa mikono, kabla ya kushika mpira wa kikapu. Ulinda mlango huo ulionekana miguuni mwake maisha yote: aliweza kutoka chini ya ringi, kumfuata mtupaji mbali, na bado akaufikia mpira. Katika mechi ya sita ya fainali za 1994, New York Knicks wakiwa wanaongoza kwa ushindi wa mechi 3 kwa 2, John Starks alitupa mtupo wa pointi tatu sekunde za mwisho. Ungeingia, ubingwa ungekwenda New York. Olajuwon akaugusa kwa ncha za vidole, Houston Rockets wakashinda 86–84, kisha wakachukua mechi ya saba pia. Ule haukuwa mtupo wa chini ya ringi, na hapo ndipo ninapomweka juu ya Mutombo.

Sasa niwakosoe nyote wawili. NBA ilianza kuandika mitupo iliyopanguliwa katika msimu wa 1973–74 tu, wakati masenta wakubwa wa enzi za nyuma walikuwa wameshaondoka: Bill Russell alistaafu tangu 1969 na Wilt Chamberlain ndio kwanza ameondoka. Orodha mnayogombania imeanzia katikati ya hadithi. Russell alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 na Boston Celtics, na sifa yake kubwa ilikuwa kutoupiga mpira kwa hasira hadi kwa watazamaji, bali kuugusa kwa upole ili aunase mwenyewe au aupate mwenzake, na shambulio lianze papo hapo. Mpira uliotoka nje hurudishwa kwa wapinzani walewale, ilhali takwimu huhesabu vyote sawa. Kwa kipimo hicho, mimi namtanguliza Russell.

SWALI: Katika mechi ya mtaani niliupangua mpira uliokuwa umegonga ubao, refa akawapa wapinzani pointi mbili. Je, alinionea? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Kama mpira ulikuwa juu ya ringi, hakukuonea. Mtupo ukishagonga ubao juu ya usawa wa ringi, au ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni, mlinzi haruhusiwi kuugusa, na akiugusa kikapu kinahesabiwa. Sheria hii ililetwa katika kikapu cha vyuo vya Marekani mwaka 1944, kwa sababu warefu kama George Mikan walikuwa wakiichota mipira langoni mwa ringi. Ila kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, ambazo ndizo zinazotumika kwetu, mpira ukishagusa ringi mlinzi ana ruhusa ya kuuondoa. Katika NBA hairuhusiwi mpaka utoke kabisa juu ya ringi.