Fundi Sauti Anajibu: Saksafoni na Matarumbeta Mbele ya Maikrofoni

SWALI: Mimi ni mpiga saksafoni wa bendi ya dansi. Kila tunapoingia studio, fundi huiingiza maikrofoni ndani ya mdomo wa saksafoni yangu ya teno, yaani lile tundu pana la mwisho wa ala. Ninaposikiliza baadaye, noti za chini zinavuma kupita kiasi, ilhali zile za katikati zinasikika kama zimepigwa chumba cha pili. Je, tununue maikrofoni ya bei kubwa zaidi?
Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hifadhini fedha zenu kwanza, kwa sababu kasoro unayoieleza inatokana na mahali maikrofoni ilipowekwa. Wengi hudhani kwamba sauti ya saksafoni hutoka mdomoni peke yake, kama ilivyo kwa tarumbeta, na dhana hiyo ndiyo inayoharibu rekodi nyingi. Unapoachia vitufe, sehemu kubwa ya sauti hutokea kwenye matundu ya kwanza yaliyo wazi, huku ukali wa masafa ya juu, yaani wa sauti nyembamba, ukiendelea kushuka hadi mdomoni. Ni pale tu unapoyaziba matundu yote, kwa noti ya chini kabisa, ndipo sauti nzima hulazimika kupitia mdomoni. Maikrofoni iliyozamishwa humo basi itazinasa noti hizo chache kwa nguvu na kuziacha nyingine mbali. Zaidi ya hapo, maikrofoni nyingi zinazosikia upande mmoja huongeza besi kadiri chanzo cha sauti kinavyozisogelea, kwa hiyo mvumo unaousikia unatoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Mwombe fundi wako aisogeze maikrofoni mbele yako, umbali wa sentimita 30 hadi 50, juu kidogo ya mdomo wa saksafoni, na aielekeze katikati ya mkono wako wa kushoto na wa kulia. Kisha piga ngazi nzima ya noti, kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu, polepole na kwa pumzi ileile, naye asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Noti zikiruka mahali fulani, aisogeze maikrofoni kwa upana wa viganja viwili, nawe urudie. Kazi hiyo haihitaji muda mrefu, na faida yake haipatikani baadaye kwa kuchezea besi na trebo kwenye kompyuta.

Shure SM57, maikrofoni ya dainamiki iliyopo katika studio nyingi, inaifanya kazi hii vizuri. Ikiwa mnaweza kuazima Electro-Voice RE20, mtaipenda kwa teno, kwa maana imeundwa ili besi isipande sana hata mpigaji anapoikaribia. Jambo moja la kuangalia ni kwamba maikrofoni ikishasogea nyuma, chumba nacho kitaanza kusikika. Kwa kuwa inakutazama wewe, inautazama pia ukuta ulio nyuma yako. Basi blanketi nzito zitundikwe nyuma ya mpigaji, mahali ambapo watu wengi husahau kuziweka.

SWALI: Bendi yetu ya matarumbeta ya kanisani ina tarumbeta, tromboni na tuba. Tunarekodi kwa maikrofoni mbili za kondensa (zile nyepesi kunasa sauti, zinazohitaji umeme) zilizo karibu sana na wapigaji. Tumeshusha kiwango kwenye mashine hadi chini kabisa, lakini sauti bado inapasuka. Tatizo ni nini?
Msomaji, Moshi

JIBU: Sauti yenu inapasuka ndani ya maikrofoni yenyewe, kabla haijafika kwenye mashine, na ndiyo sababu kushusha kiwango hakusaidii. Tarumbeta linalopigwa kwa nguvu zote, karibu na mdomo wake, linaweza kuvuka desibeli 130 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Neumann U 87 Ai, ambayo ni kondensa ya kuheshimika sana, huvumilia desibeli 117, na 127 ikiwashwa swichi yake ya kupunguza desibeli 10. Tazameni kama maikrofoni zenu zina swichi ya aina hiyo, na muiwashe.

Hata hivyo, dawa ya kweli ni umbali. Mahali pasipo na mwangwi mwingi, kila mnapouongeza umbali mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Pangeni wapigaji kwa nusu duara, na maikrofoni zote mbili zisimamishwe pamoja juu ya vichwa, mita 2 au 3 mbele yao, kila moja ikielekea upande wake. Mpangilio wa watu ndio utakaoamua uwiano wa sauti: matarumbeta yakizidi, wapigaji warudi hatua moja nyuma, au wageuze midomo ya ala zao ipite kando ya maikrofoni, kwa sababu ukali wa tarumbeta husafiri moja kwa moja mbele na hulainika sana pembeni. Tuba, ambayo mdomo wake hutazama juu, hutegemea sana dari, na chini ya bati tupu itasikika kwa ukavu usiopendeza. Itafutieni sehemu yenye dari ya mbao. Wapiga tromboni nao waachiwe nafasi ya kutosha mbele, ili mrija wao usigonge stendi unapovutwa hadi mwisho.

SWALI: Nimeambiwa maikrofoni ya riboni, ile yenye utepe mwembamba wa metali ndani, hulainisha tarumbeta, lakini umeme wa volti 48 ambao mashine huutuma kwenye maikrofoni kupitia waya wake huiua. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: La kwanza ni kweli, na ndiyo maana studio nyingi huziweka Coles 4038 na Royer R-121 mbele ya ala za shaba. La pili ni kweli kwa sehemu. Waya ukiwa mzima, riboni nyingi hazidhuriwi. Hatari huja waya unapokuwa na hitilafu, au unapochomekwa huku umeme umewaka. Zima kwanza, kisha uchomeke. Mimi huogopa zaidi upepo: usiipulize kuijaribu, ifunike unapoibeba, na uihifadhi ikiwa imesimama wima ili utepe wake usilegee.