Uza Mshahara Ukiingia, Andika Ukiisha

Kila anayenipigia simu kuniuliza habari za kujichapishia kitabu huanzia kwenye jalada. Lichorwe na nani, ling'ae au lising'ae, picha yake ikae nyuma au ndani. Sawa, lakini jalada hukamilika mara moja tu. Baada ya hapo ni mwezi, halafu mwezi mwingine, na hakuna aliyewahi kuniuliza mwandishi hufanya nini tarehe 14, katoni zimejaa chini ya kitanda na Kisumu nzima haina mtu mwenye pesa ya kitabu.

Mimi huuza mshahara ukiingia, huandika ukiisha. Si mshahara wangu, sina. Ni wa wasomaji. Wanunuzi wangu wengi ni walimu, wauguzi na makarani, na hao pesa ya kitabu wanayo kuanzia mwisho wa mwezi hadi tarehe tano hivi. Baadaye kodi ya nyumba imekwenda, chama kimechukua chake, Sacco imekata yake, na hata anayekupenda kwa dhati atakwambia, "Niwekee moja." Hana nia mbaya. Ila ukibeba begi kumfuata tarehe 15, nauli ya boda umeitupa. Na mwezi wa kwanza usihangaike kabisa. Njaanuari karo na sare zimeshashika kila shilingi, kwa hiyo kaa nyumbani uandike.

Soko langu bora ni chumba cha walimu, na kina adabu yake. Mwone kwanza mwalimu mkuu au naibu wake, umwachie nakala aone unachouza, maana hakuna mkuu anayetaka kuja kuulizwa na mzazi kitabu kile kiliingiaje shuleni. Fika wakati wa chai ya saa nne. Usihutubie. Weka nakala chache mezani, ukubali chai ukipewa, uwaache watu wafungue kurasa wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili atatafuta kosa la tahajia kabla ya kitu kingine chochote. Mwache atafute, akilikosa amekuwa mpiga debe wako. Hivi majuzi, katika shule moja njia ya Maseno, mwalimu wa hesabu aliusoma ukurasa wa kwanza amesimama, kikombe mkononi, akageuza wa pili, chai ikapoa, kisha akaniuliza, "Sasa mwandishi, huyu mama anarudi Ahero ama harudi?" Nikamjibu, "Mwalimu, hilo jibu ni shilingi mia tano." Wenzake wakaangua kicheko, na kicheko hicho kiliuza kuliko maelezo yoyote ambayo ningetoa. Namba ya malipo huwa nimeibandika kwenye jalada la nakala ya maonyesho, palepale machoni, kwa sababu anayesema "nitakutumia jioni", jioni ana mambo mengine.

Duka la vitabu ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo ipige kabla hujaichapa bei nyuma ya kitabu. Tuseme nakala moja imekugharimu shilingi 250 kuchapa, na bei yake ni 500. Duka likitaka asilimia 35, hiyo ni 175, umebaki na 325. Toa gharama ya uchapaji: una 75, na bado hujamlipa mhariri wala aliyekusafirishia katoni. Ukiiuza nakala hiyohiyo kwa mkono wako, unabaki na 250. Sisemi uyasuse maduka. Kitabu kikionekana kwenye rafu kinaheshimika, na wapo wasomaji ambao hawawezi kununua kitu kilichotoka kwenye begi la mtu. Ila peleka nakala tano au kumi tu, na usitoke pale bila karatasi yenye idadi, tarehe, asilimia mliyokubaliana, sahihi na muhuri. Kijana uliyemkabidhi vitabu mwezi wa tatu, mwezi wa sita huenda yuko Eldoret, na aliyeshika nafasi yake hakujui wewe wala kitabu chako. Pita kila mwezi. Kuna siku utakuta nakala zimeisha kitambo na pesa zako ziko kwenye droo zikingoja uulize. Kuna siku utazikuta zote, zimezibwa na vitabu vya kiada.

Katikati ya mwezi ndipo ninapoandika, asubuhi, kabla joto la Kisumu halijapanda na kabla stima haijaamua yake. Alasiri ni ya makaratasi. Ukimwomba mchapaji bei, mwambie aandike kama VAT imo ndani. Vitabu hapa Kenya viliingizwa kwenye kodi hiyo ya asilimia 16 na sheria ya mwaka 2013, na bei ya kutajiwa kwa simu mara nyingi huwa haijaihesabu. Pia zihesabu kurasa zako kwa 16. Mashine kubwa za ofseti huchapa karatasi pana inayokunjwa, na aghalabu kila karatasi hutoa kurasa 16, hivyo mswada wa kurasa 131 utaulipia 144 na kurasa 13 ziwe tupu. Ukipunguza kurasa tatu, unaingia kwenye 128 sawasawa. Hizo tatu zinapatikana, niamini. Anzia kwenye shukrani zako kwa ukoo mzima. Ukichapa nakala hamsini kwa mashine ya dijitali, hesabu hii haikubani sana, lakini kila nakala itakuwa ghali zaidi.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu chako, iombe mwenyewe, kwa jina lako, kutoka KNLS, yaani huduma yetu ya maktaba ya taifa. Za Kenya huanza na 978, kisha 9966 au 9914. Mchapaji akikwambia usijisumbue, atakupa yake, mshukuru na ukatae, la sivyo rekodi itamtaja yeye kuwa ndiye mchapishaji wa kitabu chako.

Halafu kuna kabila la "nitumie PDF nisome". Kisheria haki ya mwandishi hapa kwetu hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, lakini kundi moja la WhatsApp linaweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi hutuma sura ya kwanza peke yake, na chini yake namba ya malipo. Wengine hununa. Ndugu nao wana yao: wanataka nakala ya bure kwa kuwa wanakujua tangu ukiwa mdogo. Mama yangu alipewa, wengine wote wananunua, na mjomba mmoja alinilalamikia kwenye matanga mbele ya watu, kisha akaongeza kwamba kama ningeandika Kijaluo angelipa. Nilimwambia, "Sawa, mjomba, lipa hiki kwanza ndiyo nikiandike hicho." Bado tunasalimiana.

Wanunuzi wa mbali, wa Kakamega, Bungoma ama Nakuru, walipe kitabu na nauli ya kifurushi kabla hujakwenda steji. Funga kitabu kwenye nailoni kabla ya bahasha, maana hujui kitawekwa karibu na mtungi wa nini. Andika jina na simu ya mpokeaji pande zote mbili kwa kalamu ya wino mzito, mtumie picha ya risiti na namba ya gari, na umwambie saa ya kwenda kukichukua, kwa sababu ofisi nyingine za vifurushi hutoza cha kuhifadhiwa na yeye atadhani ni wewe umemwongezea bei.